Nyuma ya picha hakuna jina

Mwenzetu mmoja anayefanya kazi na shirika hapa Juba ametoka West Virginia, kule Marekani, kwenye milima ya Appalachia. Siku moja tukinywa chai alinitolea picha kuukuu ya ukoo wake: wanaume kumi na kitu wamekaa juu ya gogo nene, misumeno magotini, na nyuma yao reli nyembamba inaingia msituni. Nikaigeuza. Nyuma, kwa penseli, yameandikwa majina yote kuanzia kushoto. Hata la mpishi.

Nilinyamaza kidogo. Mimi ni mtu wa Ituri, naishi Gorom, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitazama kwa simu picha za reli ya upande wetu, ile ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Nyingi ziko kwenye mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Ukiwa na bando, unazifungua bure. Nimezifungua nyingi. Majina kama yale ya penseli sikuyaona.

William D. Young, mpiga picha aliyeufuata ujenzi ule, kazi aliijua jamani. Tazama zile za ukingo wa Bonde la Ufa, pale mabehewa yaliposhushwa kwa kamba za chuma kabla ya njia ya kudumu kuwa tayari. Uzito wa chuma unausikia tumboni. Lakini watu? Mara nyingi wamewekwa pale kama rula, ili mtazamaji ajue daraja lina urefu gani. Mzungu anatajwa kwa jina na cheo, wengine ni "makuli" au "wenyeji", basi.

Sisemi Young alikuwa na roho mbaya. Mimi nauliza picha ilipigwa ili inunuliwe na nani. Kule Marekani, mtu kama Darius Kinsey wa jimbo la Washington alibeba kamera yake mpaka kambi za wakata miti, kisha akawauzia picha wao wenyewe. Mteja ndiye aliyekaa kwenye gogo! Ndiyo maana ananawa uso, anachagua shoka lake zuri, anaitazama lenzi kama mtu aliyelipa. Picha za reli ya Uganda zilikuwa za maofisa na za watu wa Uingereza, ambao serikali yao ilimwaga humo zaidi ya pauni milioni 5. Fundi wa Punjab aliyelaza mataruma hakuwa mteja wa mtu.

(Na Appalachia nisiisifu kupita kiasi. Watu weusi, wengi waliotoka utumwani, ndio waliochimba mahandaki ya reli West Virginia miaka ya 1870, na majina yao kuyapata ni shida vilevile. Mwenzangu alikubali.)

Kinachoniuma zaidi ni Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili walikula wafanyakazi wa daraja, na J. H. Patterson akawaua Desemba. Picha yake na bunduki, simba amelala kando, imezunguka dunia nzima. Katika kitabu chake cha 1907 anasema Wahindi walioliwa ni 28, na Waafrika ni wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Soma tena hapo: haikuwekwa. Simba wenyewe wako Field Museum, Chicago, wamejazwa vizuri, watoto wa shule wanapelekwa kuwaona. Yaani simba wana anwani. Wahindi walioletwa kujenga reli ile walikuwa kama 32,000, wakafa kama 2,500; hao angalau walihesabiwa.

Kuna nyingine ya 1909: Theodore Roosevelt na wenzake wameketi kwenye benchi mbele kabisa ya injini, wanaangalia wanyama. Injini za siku zile zilikula kuni. Aliyezipasua, akazipanga kando ya reli, hayumo kwenye fremu. Kila nikiiona natafuta pembeni, labda hata mkono utatokea.

Kuni zenyewe ndizo zilizonirudisha nyumbani. Miaka ya nyuma mgeni mmoja alimpiga picha mama mkubwa akiwa na mzigo kichwani. Hatukujua imeenda wapi, mpaka tukaikuta kwenye kalenda ya ofisi fulani, mwezi wa sita: mkimbizi akibeba kuni za kupikia. Hakuna jina. Na wala hakuwahi kupewa nakala. Picha ni nzuri, hilo nakubali, mwanga wa asubuhi umemkaa vizuri. Ila nikimwangalia usoni, namwona yule mtu wa kwenye daraja la Young, aliyesimamishwa ili kipimo kijulikane.

Mwezi uliopita nilimpiga mwenyewe kwa simu, nikaenda kuisafisha studio moja Konyokonyo. Alikuwa amebadilisha kitenge mara mbili, akakataa kubeba chochote. Nikamwomba aniambie cha kuandika nyuma. Akataja jina lake, la baba yake, la kijiji. Kisha akanizuia nisifunike kalamu.

"Andika pia zile za kalenda zilikuwa kuni za kuuza. Nilikuwa naenda sokoni, mimi."