Amonia Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Maji ya Tangi la Samaki

Ufugaji wa samaki wa mapambo katika matangi ya kioo ni jambo linaloonekana dogo, na pengine msomaji atashangaa kulikuta katika kurasa za istilahi. Lakini istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya, wala si kwa ukubwa wa somo lake. Mfugaji anayepima maji nyumbani kwake hana mwalimu wa kumwuliza. Anacho kichupa, kadi ya rangi na maneno ya maelezo. Maneno yakipotoka, samaki hufa. Makala haya yanakusudia kuhakiki baadhi ya maneno hayo na kuonyesha yapi yafaa kushikwa na yapi yafaa kuachwa.

1. Amonia

Neno hili limetoholewa vizuri. Linafuata sauti za Kiswahili na limekwisha kuzoeleka katika masomo ya kemia. Kasoro haimo katika umbo lake bali katika matumizi. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na mabaki ya chakula huitoa yanapooza. Ikiwa ndani ya maji, amonia huwa ya namna mbili: NH₃, ambayo ni sumu kali, na NH₄⁺, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Uwiano wa namna hizo hutegemea pH na joto la maji. Vipimo vya kawaida vya nyumbani, vinavyogeuza maji kutoka rangi ya manjano kuwa ya kijani, huonyesha jumla ya zote mbili. Basi mwandishi anayesema “amonia” tu, ameviita vitu vitatu kwa jina moja.

Tuchukue mfano wa maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na kipimo kikaonyesha jumla ya miligramu 1 kwa lita. Katika pH 7, sehemu iliyo sumu kali ni kiasi cha miligramu 0.006 tu. Katika pH 8 hufikia kama 0.05, na katika pH 9 hufikia kama 0.36. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na anayefuga samaki wa ziwa hilo huyafanya maji ya tangi lake yafanane nayo. Kadi ni ile ile na rangi ni ile ile, lakini sumu katika tangi lake ni mara 60 hivi ya ile iliyomo katika tangi la jirani mwenye maji ya pH 7.

Wako wanaoita NH₄⁺ “amoniamu”. Neno hilo linapatana na desturi ya kimataifa, lakini kwa msomaji wa kawaida silabi moja mwishoni haitoshi kutenga sumu na kisicho sumu kali. Yafaa tuseme “amonia huru” kwa NH₃, “ioni ya amonia” kwa NH₄⁺, na “jumla ya amonia” kwa kile kinachosomwa kwenye kadi.

2. Nitriti na nitrati

Bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti huharibu uwezo wa damu ya samaki kuchukua oksijeni, hata ikiwa kidogo. Nitrati huvumilika kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko hiyo. Hata hivyo maneno haya yanatofautiana kwa irabu moja tu, na kosa la mpiga chapa laweza kugeuza onyo kuwa faraja. Kuyabadili maneno yenyewe kutavuruga vitabu vya kemia. Dawa iliyo rahisi ni kuandika alama ya kikemia kando ya kila moja, NO₂⁻ na NO₃⁻, kila yanapotajwa katika maelekezo.

3. Kuzungusha na kukomaza

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Huchukua kama majuma 4 hadi 6 wakue, na katika muda huo amonia hupanda kabla ya kushuka. Kwa kuwa jambo hili linahusu mzunguko wa nitrojeni, baadhi ya watu husema “kuzungusha tangi”. Istilahi hii haifai hata kidogo. Pampu huzungusha maji tangu saa ya kwanza, na msomaji atadhani kazi imekwisha, kisha atie samaki. “Kukomaza tangi” ni bora, kwa sababu kitenzi hiki chenyewe hudai muda, na kila mtu ajuaye ndizi hukielewa.

4. Chujio na kusafisha

Chujio katika Kiswahili ni chombo cha kuzuia machicha na takataka. Kikichafuka, husafishwa hasa. Lakini chujio la tangi ni makao makuu ya wale bakteria. Anayeambiwa “safisha chujio” atatumia sabuni, au maji ya bomba yenye klorini, na kuwaua. Siku chache baadaye amonia itapanda. Tunalo neno “kusuuza”, nalo latosha: suuza chujio kwa maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe. Vivyo hivyo, kipimo kinapoonyesha amonia, tusiandike “badili maji” tu, ambayo msomaji aweza kuelewa ni yote; tuandike “badili sehemu ya maji”, tukitaja ni robo au nusu, na tuongeze “punguza chakula”.

Tumeona kwamba makosa haya hayakutokana na umaskini wa lugha. Kukomaza, kusuuza, huru na jumla ni maneno yetu ya siku zote. Kilichokosekana ni kuuliza kila neno litamfanya msomaji atende nini. Istilahi ya kitabu yaweza kumsubiri msomaji afikiri. Istilahi ya maelekezo husomwa na mtu ambaye mkono wake umekwisha kuingia majini.