Maneno Yapimayo Uzima wa Wazee: Uhakiki wa Maswali Yaliyoulizwa Kilimanjaro

Wilaya ya Hai, iliyo upande wa magharibi wa mji wa Moshi, ni mahali ambapo wazee wameulizwa maswali mengi na wachunguzi wa mambo ya uganga. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya wilaya hiyo. Hesabu iliposawazishwa kwa umri, ilionekana kwamba watu 6.4 katika kila mia walikuwa na dimensia, yaani kuharibika kwa kumbukumbu na fahamu kupita kadiri ya uzee wa kawaida. Katika kazi iliyofuata, wachunguzi wa Tanzania, Uingereza na Nijeria walitunga kipimo kifupi cha kuwatambua wagonjwa wa namna hiyo, nacho hujulikana kwa herufi IDEA. Habari zake zilichapishwa mwaka 2014. Kina sehemu sita na alama 15.

Mwandishi wa makala haya hana elimu ya uganga, wala hakusudii kubishana na hesabu hizo. Kazi yake ni isimu. Lakini mganga apimaye homa hutumia kioo na zebaki, naye apimaye akili ya mzee hutumia maneno. Kioo kikiwa na ufa, mafundi huitwa wakakitazame. Neno likiwa na ufa, ni nani aitwaye? Nadhani ni sisi tufanyao kazi ya lugha, na ni haki tuseme kwamba mpaka sasa hatukujitokeza.

Kwanza sifa ipewe penye sifa. Vipimo vingi vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi, asome agizo, au atoe saba katika mia mara kwa mara. Mzee ambaye hakuketi darasani hushindwa hata kama akili yake ni timamu, na kushindwa kwake huandikwa kuwa ni ugonjwa. Watungaji wa kipimo cha Hai waliliona kosa hilo wakaliepuka. Hapana kalamu wala karatasi kwa anayeulizwa. Hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hukumbuka maneno kumi aliyosomewa, hutaja wanyama kwa muda wa dakika moja, husema leo ni siku gani na kiongozi wa mahali pake ni nani, na hueleza daraja ni kitu gani. Ni kazi ya busara. Kizuizi cha shule kimeondolewa; kizuizi cha lugha kimebaki, nacho ni kigumu kukiona kwa sababu kila mtu katika Tanzania hudhaniwa kuwa amekwisha kukivuka.

Tulitazame neno daraja. Asili yake ni Kiarabu, nako maana yake ni kipandio au cheo. Katika Kiswahili limechukua maana ya kivuko cha kujengwa juu ya mto, wala halikuiacha ile ya kwanza: twasema mtumishi wa daraja la juu, na mtoto aliyefaulu kwa daraja la kwanza. Mzee mwenye wajukuu shuleni hulisikia neno hili mara nyingi zaidi katika habari za mitihani kuliko katika habari za mito. Zaidi ya hayo, miteremko ya Kilimanjaro imejaa vijito na mifereji ya kumwagilia migomba, na watu wamevivuka kwa gogo lililolazwa tangu zamani. Gogo hilo kwa Kiswahili ni ulalo. Basi mzee akijibu kwamba daraja ni cheo, amekosea au amejua Kiswahili? Karani asiyefundishwa maana zote mbili hawezi kuamua.

Neno wanyama lina tatizo la namna nyingine. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mnyama si kila kiumbe chenye uhai na mwendo. Kuku ni ndege, kambale ni samaki, nyuki ni mdudu, na ng'ombe aliye zizini huitwa mfugo. Nilimwomba shangazi yangu wa Machame, aliyepita miaka 80, anitajie wanyama wote awajuao. Aliniuliza mara moja, ‘Wa nyumbani au wa porini?’ Nilipomwambia wote, aliuliza tena kama kuku wamo. Maswali hayo mawili ni ushahidi wa akili inayopanga mambo kwa makini. Lakini saa ilikuwa ikienda, na katika kipimo cha dakika moja shangazi yangu angalipoteza alama kwa sababu ya makini yake.

Swali la kiongozi nalo lataka uangalifu. Kijiji cha Tanzania kina mwenyekiti aliyechaguliwa, kina mtendaji aliyeajiriwa, na balozi wa nyumba chache yu jirani zaidi kuliko wote wawili. Aliyekuwa na miaka 70 katika siku za uchunguzi wa kwanza alikulia chini ya mangi, na utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, yeye akiwa mtu mzima. Mzee huyo akitaja jina la mangi, huenda kumbukumbu zake zimechanganyika. Huenda pia ametaja mtu ambaye kwake yeye ndiye aliyestahili jina la kiongozi. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa, na swali moja la nyongeza latosha kuidhihirisha.

Hata hivyo, kasoro za neno mojamoja ni ndogo zikilinganishwa na jambo la lugha nzima. Kiswahili si lugha ya kwanza ya wengi wa wazee hawa. Lugha yao ni Kichagga, na Kichagga chenyewe, kama Derek Nurse alivyoonyesha mwaka 1979, ni fungu la lugha na lahaja kadhaa, wala si lugha moja tu. Kimachame cha Hai si Kivunjo cha Marangu, wala si Kirombo cha mashariki. Wamisionari wa Leipzig, walioingia Kilimanjaro mwaka 1893, walihubiri na kufundisha kwa lugha za wenyeji, na Bruno Gutmann wa Old Moshi aliitetea njia hiyo kwa nguvu. Kwa wanawake wengi wa kizazi hicho Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya duka na ya kukutana na mgeni. Mtu apotewapo na kumbukumbu, mara nyingi lugha aliyojifunza baadaye hupungua kabla ya ile ya utotoni. Kwa hiyo kumpima kwa Kiswahili peke yake ni kumpima mahali palipo padhaifu kwanza, kisha kudai kwamba tumempima yeye mzima.

Nimelitumia neno hili, mzima, kwa kusudi. Tangu mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani limeieleza afya kuwa ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya jamii. Maelezo hayo yamefuatwa na watunga maswali kila mahali, hata mzee hupewa alama tatu katika vifungu vitatu. Mgawanyo huo una manufaa kwa mganga. Lakini Kiswahili kina neno moja lililokusanya yote matatu, nalo ni uzima. Mzima ni aliye hai, ni asiye na ugonjwa, ni asiyepungukiwa na sehemu yake yoyote, na ni aliyekwisha kukua. Ndiyo sababu kwa adabu mzee huitwa mtu mzima, na methali husema utu uzima dawa. Katika lugha hii, kuzeeka ni kukamilika. Kwa upande wa pili, lugha hiyohiyo humweka kikongwe na kizee katika ngeli ya umbo walimo kipofu, kiziwi na kilema. Ni kweli kwamba kiongozi na kijana wamo pia, kwa hiyo tusiidhulumu ngeli. Lakini asemaye mtu mzima na asemaye kizee hawasemi habari za mzee mmoja, na mwulizaji hana budi kujua ni mzee yupi anayemwita atoke nje aje ajibu.

Neno akili ndilo lenye hatari zaidi. Afya ya akili ni msemo wa ofisini. Masikioni mwa mwanakijiji, mwenye shida ya akili ni mwenda wazimu, na hapana mzee atakayekubali upesi kuandikwa hivyo. Mzee asemapo juu ya huzuni yake, huiweka moyoni: moyo ni mzito, moyo umekufa ganzi, hana moyo wa kula. Wataalamu wamelieneza neno sonona, nalo ni zuri, ila mwenye ugonjwa huo hajalijua bado. Kipimo cha huzuni ya wazee kilichotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1983, ambacho kimeenea duniani, huuliza pia kama mtu hupendelea kukaa nyumbani kuliko kutoka na kufanya mambo mapya. Huko, kukaa nyumbani ni dalili ya kujitenga. Kilimanjaro nyumbani ni kihambani, penye migomba, kahawa na ng'ombe anayelishwa bandani, na mzee anayekaa nyumbani yupo kazini.

Hapo ndipo hali za wazee zinapotofautiana kwa namna ambayo alama tatu hazionyeshi. Kwa desturi ya Wachagga, mwana wa mwisho hurithi kihamba cha wazazi na kukaa karibu nao. Siku hizi huenda yuko Dar es Salaam au mbali zaidi, naye hupanda mlima mwezi wa Desemba. Kiswahili kina maneno mawili ya kufaa hapa. Upweke ni kuwa peke yako. Ukiwa ni kuachwa, na huitwa hivyo pia mahali palipohamwa. Kuna bibi anayeishi peke yake, mwenye nguvu ya kubeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare, aendaye kanisani na kuitwa msibani: yu mpweke bila ya kuwa mkiwa. Kuna babu katika nyumba ya mjini Moshi yenye watu wanane, ambaye hapana amwulizaye shauri la jambo lolote: si mpweke, bali ukiwa umemjaa. Yuko pia mzee asahauye majina ya wajukuu, ambaye bado kata ya kwanza ya mbege hupewa yeye, naye huipokea kwa maneno yaliyo sahihi. Karani akiuliza tu, ‘Unaishi na nani?’, atamwandika wa kwanza kuwa hatarini na wa pili kuwa salama, na kwa wa tatu hatakuwa na mahali pa kuandika alichokiona.

Itasemwa kwamba mganga ana wagonjwa wengi na muda mchache, na kwamba kipimo kifupi chenye kasoro ni bora kuliko kutokuwa na kipimo. Nakubali. Aliyekosa kutambuliwa hukosa pia msaada, na jamaa zake hudhani ni uzee tu. Lakini aliyetambuliwa kwa makosa naye hudhurika, maana nyumba ikishaambiwa kwamba mzee hana akili, neno lake kuhusu shamba na mipaka halisikilizwi tena. Kilimanjaro, ambako ardhi ni haba na kesi za vihamba ni nyingi, hasara hiyo si ndogo.

Napendekeza mambo matatu, yote ya gharama ndogo. Kila swali liwe tayari kwa Kichagga cha mahali hapo, na mzee achague lugha kabla ya kuanza. Karani aandike jibu lenyewe pamoja na alama, ili jibu la shangazi yangu lipate kusomwa na mtu mwingine baadaye. Tena vyuo vya lugha viandae orodha ya maneno ambayo wazee wenyewe huyatumia kwa mwili, moyo, kumbukumbu na kuachwa, mahali kwa mahali, kutoka Siha hadi Rombo. Kazi hii ya tatu ni yetu, wala hatuwezi kumlaumu mganga kwa kutokuifanya. Wanaoyajua maneno hayo vizuri ni watu wa miaka 80 na 90, na haitupasi kuchelewa kuwauliza.