Mkono wa RAV4 uliohukumiwa bure

Sauti ilianza kama sufuria inayogongwa chini ya sakafu, upande wa kushoto, kila niliposhuka tuta nikitoka Mwanga kwenda Ujiji, hapa Kigoma. Gari likienda polepole ilisikika zaidi, na kwenye lami iliyonyooka ilipotea. Nikishika breki, usukani ulivuta kushoto. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimefunga mikono miwili mipya ya chini, kulia na kushoto, ya bei nafuu, iliyoletwa kwa basi kutoka Kariakoo. Kila niliyemsimulia alitoa hukumu ileile: spea za kichina ndivyo zilivyo, tafuta orijino.

Nilikaribia kukubali. Lakini bei ya mkono mmoja wa Toyota ingenunua kadhaa ya aina niliyokuwa nayo, kwa hiyo nikataka kwanza kuuona ule uliokufa, ukiwa mezani, mchana kweupe.

Mkono wa chini, ambao gereji nyingi huuita kontrolamu, kwenye RAV4 ya 2002 ni bati nene la chuma lenye umbo la herufi L. Kazi yake ni kulishika gurudumu lisikimbie mbele, nyuma wala pembeni, huku likiwa huru kupanda na kushuka. Uzito wa gari hubebwa na springi, ila pigo la shimo, la breki na la kona hupita kwenye mkono. Upande wa gari umefungwa kwa bushi mbili za mpira, na upande wa gurudumu kwa boljointi. Bushi hizo hazina kazi moja. Ya mbele, iliyo karibu na mstari wa gurudumu, huwa ngumu ili usukani ujibu haraka. Ya nyuma ni laini zaidi, imeze pigo.

Wengi wetu tunadhani bushi huzunguka kwenye bolti yake kama mlango kwenye bawaba. Haizunguki. Ni mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake mpira ulioshikamanishwa na yote miwili kiwandani. Bolti ikikazwa, mrija wa ndani hubanwa usicheze kabisa. Gurudumu likipanda, mpira ndio unaojisokota, kisha hurudi mahali pake. Mahali pake ni wapi? Ni pale mkono ulipokuwa wakati bolti inakazwa. Sasa fikiria gari likiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia, mkono umeinama, na fundi anakaza bolti hapohapo hadi mwisho. Gari likishushwa mkono unapanda, na mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limelala uani. Shimo la kwanza linausokota zaidi ya pale ulipotengenezwa kufika.

Ndicho nilichokikuta mezani. Chuma hakikupinda. Boljointi ilikuwa bado ngumu na kifuniko chake kizima. Mpira wa bushi ya mbele ulikuwa umechanika nusu duara, mpasuko mmoja uliofuata mzunguko wa mrija wa ndani. Mpira uliochoka kwa umri mara nyingi huanza kwa nyufa ndogondogo kila upande. Huu haukuwa umechoka, ulikuwa umenyongwa. Fundi mmoja mzee wa Ujiji aliugeuza mara mbili mkononi, akasema, "Mwanangu, hii imekazwa hewani."

Upande wa kushoto ndio uliotangulia kwa sababu ndio unaopita ukingoni mwa barabara, ambako mvua hula lami na kuacha meno. Bushi ya kulia ilikuwa inasubiri zamu yake.

Sisemi kwamba spea zote za bei nafuu zimeonewa. Swali la orijino au ya badala linabaki, ila halina jibu moja kwa mkono mzima, kwa kuwa mkono ni vitu vitatu vyenye hatari tofauti.

Kwenye boljointi sibani hela. Ikichomoka, gurudumu hulala chini ya madigadi, na kama uko kwenye mteremko na abiria saba kwenye Noah, hakuna usukani tena. Hapo nataka ya Toyota, au ya mtengenezaji ninayemjua, kutoka kwa muuzaji atakayesimama na risiti yake. Na kwenye RAV4 hii boljointi haikushindiliwa mkononi, imefungwa kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo anayekuuzia mkono mzima kwa ajili ya boljointi iliyolegea anakuuzia chuma usichokihitaji.

Chuma chenyewe ndicho ninachokiamini hata kikiwa cha bei ya chini, mradi vipimo vya matundu vilingane na vya zamani. Hewa ya ziwa letu ni ya maji baridi, haili chuma kama chumvi ya Tanga au Mtwara. Mikono iliyotumika, inayokuja kutoka Japani, naitazama kwa jicho jingine. Sehemu za kaskazini mwa nchi hiyo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu huanzia ndani ya mikunjo ya bati, usikoiona. Tena mpira wake umezeeka hata kama gari lilitembea kidogo.

Bushi ndiyo yenye vishawishi vingi. Kuna za plastiki ngumu, polyurethane, zinazosifiwa kwenye magari ya mashindano. Hizo huzunguka kweli kwenye mrija wake, hivyo hutaka grisi. Vumbi jekundu la njia zinazotoka kwenye lami ya Manyovu kuingia mashambani likishaingia kwenye grisi hiyo, huwa msasa. Kuna za nailoni za kuchonga kwa mashine, ambazo mwezi wa kwanza humfurahisha mwenye gari kwa sababu kelele imeisha. Lakini nailoni haimezi kitu. Pigo ambalo mpira ungelizima linapita moja kwa moja hadi kwenye fremu na bolti zake. Kwa gari la familia nasema mpira, bila kusita.

Kigoma ina ugumu wake mwingine, nao ni umbali. Kwa reli ni kama kilomita 1,250 hadi Dar es Salaam, na spea isiyo yenyewe hurudi ilikotoka kwa siku na nauli yako. Ndiyo maana siagizi kwa jina la gari, naagiza kwa namba. Kwa Toyota, mkono wa chini wa kulia huanza na 48068 na wa kushoto 48069. Bushi zake ni 48654 na 48655, boljointi ya chini 43330. Tarakimu zinazofuata hutoka kwenye namba ya chesisi.

Mkono wangu wa kwanza wa kushoto, uliokuja na gari, ulikuwa bado stoo. Chuma chake kilikuwa kimenyooka. Tukaagiza bushi mbili tu, zikashindiliwa kwa presi, tena kwa mwelekeo uleule wa zile za zamani, maana bushi nyingine zina mbele na nyuma. Bolti zilifungwa kwa kulegea. Mzee akaweka jeki chini ya boljointi, akapandisha mpaka gari likaanza kunyanyuka kwenye stendi yake, mkono ukafika pale unapokaa gari likiwa chini, ndipo akakaza. Kitabu cha mafundi cha Toyota kinataka hivyohivyo: shusha, tikisa gari litulie, kisha kaza kwa kipimo.

Kisha akahamia kulia, kwenye mkono wa bei nafuu uliobaki. Hakuutoa. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, alilegeza bolti ya bushi ya mbele. Ulisikika mlio mfupi, mpira ukijisokotoa baada ya miezi mitano. Akakaza tena, tukaenda kupimisha magurudumu.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua kuanza. Gari moja si ushahidi wa kutosha, najua. Wiki hii, masika yakiwa yamekwisha, nimelala chini ya gari na tochi. Bushi ya mbele ya kulia, ileile iliyotoka Kariakoo, mpira wake ni mzima.