Ukongwe wa Kupaka

Nenda leo kwenye studio yoyote ya mjini, umwambie kijana wa kompyuta akutolee picha ya kizamani. Atakupiga chap chap, ataigeuza sura yako iwe ya kahawia, ataongeza mikwaruzo miwili mitatu na kona zilizochakaa, atachukua hela yake. Unatoka hapo umefanana na babu yako, ila babu yako hakuwahi kutabasamu vile mbele ya kamera. Simu nazo zinafanya kazi hiyo hiyo, tena bure. Mimi nasema huo ni ukongwe wa kupaka, na haunidanganyi.

Tuanze na hiyo kahawia. Watu wanadhani ni rangi ya uzee, eti picha ikikaa sana sandukuni inageuka yenyewe. Zipo zilizogeuka hivyo kweli, hasa za ile karatasi ya kale iliyopakwa ute wa yai. Lakini nyingi zilitiwa kahawia na fundi mwenyewe, kwenye dawa yenye salfa, ili fedha iliyomo kwenye picha isipauke mapema. Yaani kahawia ilikuwa kinga dhidi ya uzee! Sisi tumeifanya kuwa alama ya uzee wenyewe.

Sasa iweke kompyuta pembeni, nikupeleke London kwa Khadija Saye, aliyezaliwa mwaka 1992, wazazi wake wakitoka Gambia. Mwaka 2017 alionyesha picha sita huko Venice, Italia, kutoka mfululizo wake wa Dwelling: in this space we breathe. Ukiziona leo bila kuambiwa kitu utaapa kwamba ni za karne ya 19.

Alitumia kolodioni mbichi, njia iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Unachukua bati lililopakwa weusi, unalimwagia kolodioni, majimaji mazito yanayonata, unalizamisha kwenye nitrati ya fedha, unalitia kwenye kamera likiwa bado bichi, unapiga, unalikimbiza kwenye dawa kabla halijakauka. Una dakika kama kumi hivi, na joto likizidi hata hizo huzipati. Anayepigwa anatulia sekunde kadhaa kama sanamu. Negativu hakuna. Bati ndilo picha, na ni moja tu duniani. Kulia kwako kunakuwa kushoto, kama kwenye kioo. Halafu dawa yenyewe ina ukaidi: rangi ya buluu inaiona sana, nyekundu karibu haiioni kabisa. Shati la buluu linatoka jeupe, midomo inakolea, ngozi ya mtu yeyote, hata ya Mzungu, inazidi weusi.

Umeona tofauti? Madoa ya kwenye picha za Khadija hayakuchorwa. Dawa ilipotiririka vibaya ukingoni, pale pale ikaacha alama, na hakuna wa kuifuta.

Na aliyekaa mbele ya kamera ni yeye mwenyewe. Majina ya picha ni ya Kiwolof: Sothiou ni mswaki wa mti, Kurus ni tasbihi, Nak Bejjen ni pembe ya ng'ombe. Msomaji wa Tanga au Mombasa hahitaji kamusi hapa, pembe ile ni chuku, ile ya kuumikia ya bibi zetu. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mkristo, na mfululizo mzima unauliza mtu anashika kitu gani roho yake inapotafuta kutulia. Kumbuka zama za kolodioni Mwafrika alikuwa akipigwa picha na wageni kama mfano wa kabila. Hata kwenye postikadi za kale za pwani yetu utawakuta wanawake wamepambwa vizuri, chini imeandikwa kabila tu, jina hakuna. Khadija alichukua chombo kile kile akajipiga mwenyewe, na jina lake tunalo.

Sisi tunaoandika tuna la kuiba hapa. Jamaa zangu wakitaka riwaya ya Unguja ya zamani wanamvika mhusika kanzu na tarbushi, wanamwongezea "bin" mbili kwenye jina, wanaamini karne ya 19 imeshaingia. Lakini mhusika huyo huyo anawaza kama mtu anayesubiri daladala! Mimi nimo kwenye sura ya tatu ya riwaya yangu, na kinachonikosesha usingizi siyo kanzu. Ni kujua yule mtu wa zamani hakuweza kuona nini, kama bati lisivyoona nyekundu.

Tarehe 14 Juni 2017, maonyesho yakiwa bado wazi Venice, jengo la Grenfell Tower alimoishi Khadija liliungua. Walikufa watu 72, yeye na mama yake wakiwemo. Alikuwa na miaka 24. Yale mabati sita yalisalimika kwa kuwa yalikuwa mbali, mengine yaliteketea. Ya hayo zimebaki nakala zilizoskaniwa, ambazo baadaye zilichapwa kwenye karatasi.

Machapisho hayo ni makubwa, safi, na ni heri yapo. Ila karatasi haing'ai kama bati. Kitu kidogo cha kushika mkononi na kukigeuza-geuza kwenye mwanga kimekuwa kitu cha kutundikwa ukutani.

Halafu wapo wanaozitazama picha zote tisa kana kwamba msichana alijitabiria kifo, moshi huu, giza lile. Hapo mimi nabisha. Weusi ule ni wa kolodioni, ukungu ule ni wa dawa, na aliyekuwa akijifunza kuviendesha alikuwa kijana wa rika letu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza. Kumpaka moto juu ya kazi yake ni sawa na kijana wa studio na kahawia yake. Itazame Sothiou kama ilivyo: msichana na mswaki wake.