Njia panda ya mshipa wa moyo: kupima tawi kabla ya kuligusa

Mkazi wa Arusha anayebanwa na kifua kila akipanda kilima huanza na ECG na ekokadiografia. Ikithibitika kwamba mishipa ya moyo imeziba, anaweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, safari ya zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Huko mshipa unaweza kuwekewa stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachouweka wazi. Kwa umbali huo, stenti ya ziada si jambo dogo. Kila stenti ni mahali pengine ambapo damu inaweza kuganda au mshipa kubana upya, na kliniki ya kumfuatilia mgonjwa iko mbali.

Stenti hiyo ya ziada mara nyingi huletwa na njia panda ya mshipa, yaani pale mshipa mkuu unapotoa tawi. Daktari anaweka stenti kwenye mshipa mkuu, inapita juu ya mdomo wa tawi, na picha ya anjiografia inaonyesha mdomo huo umebanwa vibaya. Mkono unawasha kuongeza stenti ya pili. Lakini picha hiyo ni kivuli tu. Stenti ikishatanuka husukuma kingo ya njia panda kuelekea kwenye tawi, mdomo uliokuwa duara unakuwa mwembamba kama ufa, na ukitazamwa kutoka upande mmoja unaonekana kama umefungwa. Isitoshe, tawi dogo hulisha eneo dogo la msuli, kwa hiyo damu inayohitajika ni kidogo. Mkulima wa mfereji kwenye miteremko ya Mlima Meru hakadirii maji kwa upana wa mlango wa tawi. Hushuka shambani kuona yanayofika.

Daktari Bon-Kwon Koo na wenzake wa Korea Kusini walishuka shambani. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005 walipitisha waya wenye kipima shinikizo katikati ya nyuzi za stenti hadi ndani ya tawi, ng'ambo ya sehemu iliyobana, wakagawanya shinikizo la huko kwa lile la aota. Hiyo ndiyo FFR. Matawi 73 yalionekana kwenye picha kuwa yamebana kwa asilimia 75 au zaidi. Ni 20 tu, asilimia 27, yaliyokuwa chini ya 0.75, mpaka waliouchagua wa kusema damu haitoshi. Leo wengi hutumia 0.80.

Uzuri wa namba usitulevye. Jaribio la DKCRUSH-VI la China, la mwaka 2015, lilikuwa na wagonjwa 320. Walioongozwa na FFR waliwekewa stenti ya tawi kwa asilimia 25.9, walioongozwa na picha kwa asilimia 38.1, na baada ya mwaka mmoja madhara makubwa ya moyo yalikuwa sawa, asilimia 18.1 kila upande. Wapo wanaoisoma sare hiyo kama kushindwa kwa FFR. Mimi naona chuma kidogo kwa matokeo yaleyale ni faida, hasa kwa mgonjwa anayerudi mbali, Ngaramtoni ya Arusha.

Ila namba ipimwe sawasawa. Kama mshipa mkuu una kizuizi kabla ya njia panda, shinikizo la tawi litashuka kwa kosa lisilo lake. Mwinuko wa mahali hauharibu kitu, maana vipima vyote viwili, cha waya na cha aota kilicho nje ya mwili, huanzishwa sifuri kwa hewa ileile. Kinachoharibu ni kitanda. Kikipandishwa sentimita 10 baada ya usawazishaji, kipima cha nje kikabaki chini, shinikizo la aota husomeka juu kwa milimita 7 hivi za zebaki. Tawi lenye 76 kwa 90, yaani 0.84, linageuka 76 kwa 97, yaani 0.78. Stenti inawekwa kwa sababu ya kitanda.

Halafu kuna kahawa na chai. FFR huhitaji dawa ya adenosini ili kutanua mishipa midogo. Kafeini iliyomo katika vinywaji hivyo huizuia, namba inabaki juu, na tawi bovu linapita kama zima. Kipimo kingine cha shinikizo, iFR, kilichojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa katika tafiti mbili za mwaka 2017, hakihitaji adenosini. Mpaka wake ni 0.89. Pasipo kipimo hicho, kahawa na chai huachwa saa 12 hadi 24 kabla. Aliyetoka Usa River, Arusha, na chupa ya chai ya njiani amwambie daktari alikunywa saa ngapi.