Papa Mfumu'Eto: chatu anayetapika pesa, na sisi wa Kolwezi

Bandugu, kwenye ukurasa huu tumeshaongea mingi juu ya wanamuziki na waandishi wa riwaya. Leo minaomba tuongee juu ya mchoraji wa BD, Papa Mfumu'Eto wa Kwanza, mtu wa Kinshasa. Jina hilo ni la Kikongo, maana yake "mfalme wetu", na "wa Kwanza" alijiongezea mwenyewe kama wafalme wa Ulaya. Alizaliwa 1963. Kuanzia 1990 alikuwa anatunga, anachora na kutoa vijitabu vyake mwenyewe kwa Kilingala, kwenye karatasi ya bei ya chini, bila rangi. Hakuwa na mchapishaji mkubwa nyuma yake. Vijitabu viliuzwa barabarani, na kimoja kilipita mkono kwa mkono mpaka parseli nzima imesoma.

Kilichomtoa ni hadithi ya chatu. Msichana wa Kinshasa anakutana na mwanaume mwenye pesa, amevaa vizuri, anaongea vizuri. Anamfuata. Wakiwa wawili tu, mwanaume anageuka chatu, anammeza yule msichana, kisha anatapika noti za pesa. Hadithi yenyewe njo hiyo, lakini iliwasha mji. Ilitoka mwaka ule ule ambao Mobutu, tarehe 24 Aprili 1990, alitangaza mwisho wa chama kimoja, na haikuwa ngumu kwa msomaji kumuona Mobutu ndani ya ngozi ya yule nyoka.

Minajua mlisansie atasema nini: "Haya ni mambo ya uchawi, yanarudisha watu nyuma." Mimi minaona kinyume. Tuangalie miaka ile. Watu walipeleka akiba zao kwa Bindo Promotion, ambayo iliahidi kuzizalisha mara nyingi, na mwaka 1991 ikaanguka. Septemba 1991 yakaja mapilaji ya kwanza. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, mapilaji yakaanza tena. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayeuliza "pesa hii imetoka wapi, na nani ameliwa ili itoke?" anauliza swali la uchumi. Mfumu'Eto aliliuliza kwa picha ambayo mama muuza mkate alielewa bila kufundishwa na mtu.

Hapa njo minaona ukubwa wake. Si kwenye mstari wa kalamu. Ukitafuta ufundi wa mkono, chukua Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani: albamu yake Madame Livingstone, ya 2014, juu ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa Tanganyika, imechorwa vizuri sana. Lakini ni ya Kifaransa, ilitolewa Ufaransa, na ni watu wangapi wa Manika au Dilala wameishika mkononi? Mfumu'Eto alichora haraka, maneno yamejaa mpaka pembeni, sura zingine hazifanani kutoka ukurasa hadi ukurasa. Lakini aliandika kama watu wanavyogombana: mke na mke mwenza, mtoto wa kambo, jirani mwenye wivu, pasta, mchawi. Msomaji alijikuta ndani na aibu yake yote.

Mimi ni mtu wa agronomia. Sisi tunajua vizuri BD ya namna nyingine, ile sanduku ya picha tunayobeba vijijini. Picha ya kwanza, mkulima anachoma shamba, amekosea. Picha ya pili, agronome amefika na kofia. Picha ya tatu, mahindi yamekuwa makubwa na kila mtu anacheka. Mkulima wa picha zile hana deni, hana hofu, hana ndugu anayemuomba pesa. Njo maana watu wanaangalia kwa heshima, wanapiga makofi, wanarudi kulima vile walivyokuwa wanalima. Vijitabu vya Mfumu'Eto watu walivinunua kwa pesa yao wenyewe, katika miaka ya njaa. Tofauti hiyo inatosha kutufikirisha.

Lakini tusimwabudu huyo mfalme. Kwenye hadithi ya chatu, anayemezwa ni mwanamke, na ni rahisi kwa msomaji kufunga kijitabu akisema "shauri yake, alipenda pesa". Anayeshika noti zilizotapikwa hapati lawama sawa. Kwetu jambo hili si dogo. Kwenye karieri nyingi za Lualaba bado batu banasema mwanamke akishuka kwenye shimo, madini yatapotea. Lakini wanawake njo wanaosafisha na kuchagua mawe, na malipo yao ni madogo. Mchoraji wa Kolwezi akimuiga Mfumu'Eto bila kufikiri, atarudia uongo huo huo, na utapendeza zaidi kwa sababu umechorwa.

Maana hadithi ya chatu tunayo hapa. Nani hajasikia ya kijana aliyepata gari ghafula, kisha mtoto wa dada yake akafa? Na tunayo pia ile isiyohitaji uchawi: Kasulo, kuanzia 2014, watu walichimba ndani ya nyumba zao wenyewe, chini ya vitanda, ili kufika kwenye kobalti. Sanaa iliyoitwa "ya chini ya ardhi" kwingine ni jina tu. Kwetu chini ya ardhi ni fasi ya kazi, na ni fasi ya kufa. Juu ya nini hakuna kijitabu hata kimoja cha Kiswahili chetu kinachouzwa Musompo?

Tusijibu kwamba si desturi yetu. Babu zetu walitundika mamba muntu kwenye salon. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima katika michoro zaidi ya 100, na mwaka 1973 na 1974 akaisimulia kwa Kiswahili cha Shaba kwa Johannes Fabian. Wachoraji wa wakati ule walikuwa na neno la kupima kazi: ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayokukumbusha. Kwa kipimo hicho, Mfumu'Eto ni ndugu yao kabisa.

Lakini ukitaka kuona ukumbusho huo leo, karatasi za Mfumu'Eto ziko Chuo Kikuu cha Florida, na michoro ya Tshibumba iko Amsterdam. Waliozitunza tuwashukuru, la sivyo panya na mvua vingezimaliza. Paris nayo ilimuonyesha Mfumu'Eto mwaka 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo. Ila yeye hakuanza kwa kungoja Paris. Alianza na karatasi, kalamu, na jirani wa kununua.

Sisi memwari zetu tunaandika kwa Kifaransa, profesa anasoma, kisha zinalala kabatini. Kama kati yenu kuna anayechora, minaomba anitafute. Kurasa 8, fotokopi, Kiswahili cha Kolwezi, bei ya mkate. Hadithi ya kwanza minayo: inaanza na aliyeshika noti.