Injini ya farasi 130 juu ya Usangu: hesabu ya kuvuka Nyanda za Juu Kusini

De Havilland Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya kijeshi iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1931, ina mabawa mawili ya kitambaa, moja juu ya jingine, na injini moja ya nguvu za farasi 130. Waingereza waliiunda wakiwa karibu na usawa wa bahari. Lakini hadi leo ndege za rika lake zinaivuka Afrika. Mwishoni mwa mwaka 2016 msafara wa ndege za miaka ya 1920 na 1930 uliondoka Crete, Ugiriki, ukapita Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar, ukafika Cape Town. Picha zake ziliwasha moto kwa vijana wengi wapenda ndege. Fundi, yeye, ana swali lake: ndege dhaifu namna hii inaivukaje nchi iliyoinuka kama Iringa na Mbeya?

Ujasiri peke yake haujawahi kutosha. Anayevuka salama amepanga mambo manne kabla ya kuwasha injini: saa ya kuondoka, uzito, kimo na mafuta.

Vijana waliotangulia

Mapenzi ya vijana kwa ndege za vita si mageni kwetu. Novemba 1939 Roald Dahl, karani wa miaka 23 wa kampuni ya Shell jijini Dar es Salaam, ambaye baadaye angekuwa mwandishi mashuhuri, alikwenda Nairobi kujifunza urubani wa kijeshi. Aliruka peke yake baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo, ndani ya Tiger Moth. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, sawa na uwanja wa zamani wa Mbeya. Kwa hiyo ndege hii ilishafanya kazi ya kila siku kwenye kimo hiki, mikononi mwa wanafunzi.

Wakati huohuo historia inaonya. Februari 1920 Pierre van Ryneveld, miaka 28, na Quintin Brand, miaka 26, waliondoka Uingereza kwenda Cape Town kwa Vickers Vimy, ndege ya kudondosha mabomu yenye injini mbili za farasi 360 kila moja. Vimy yao ya kwanza iliharibika Korosko, kusini mwa Misri. Ya pili iliwapitisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Rukwa. Machi 6 ikawashinda Bulawayo: iliondoka ardhini, ikakataa kupanda, ikaanguka. Walimaliza safari kwa ndege nyingine ya vita, DH.9. Bulawayo iko takriban mita 1,350 juu ya bahari, ambacho ndicho kimo cha uwanja mpya wa Mbeya, Songwe. Farasi 720 hazikufua dafu hapo. Farasi 130 zinahitaji akili zaidi.

Saa ya kuondoka

Injini, pangaboi na bawa vyote hula hewa. Hewa ikiwa nyepesi, vyote vitatu hupungukiwa kwa pamoja. Kimo huifanya hewa kuwa nyepesi, na joto huongeza wepesi huo.

Tuchukue uwanja wa zamani wa Mbeya, mita 1,700. Alfajiri ya nyuzi 10, kwa kanuni za kawaida za anga, ndege huhisi kama iko kwenye mita 1,900 hivi. Saa 8 mchana, joto likifika nyuzi 25, uwanja uleule huhisiwa kama mita 2,450. Hakuna kilichosogea ila jua, na rubani amepandishiwa mlima wa mita 550 kabla magurudumu hayajazunguka. Injini ya farasi 130 hubaki na 105 hivi alfajiri, na chini ya 100 mchana.

Hapo ndipo mgeni kutoka pwani hunaswa. Kipima mwendo kinapima msukumo wa hewa, si mwendo juu ya ardhi. Katika hewa ya mchana wa Mbeya, kinapoonyesha mwendo uleule wa kurukia wa Dar es Salaam, ardhi inapita kwa kasi iliyozidi kwa zaidi ya asilimia 10. Macho yanadanganyika kwamba ndege imeshapata mwendo, mkono unavuta usukani mapema, na bawa ambalo halijashiba hewa linanyanyuka kidogo kisha linaachia. Kanuni ni mbili: amini kipima mwendo, si macho, na uwe umeshatua kabla ya saa 4 asubuhi. Uwanja mpya wa Songwe, uliochukua nafasi ya ule wa mjini Desemba 2012, uko chini kwa takriban mita 350, nafuu ambayo rubani wa ndege ya zamani anapewa bila kutoa hata lita moja ya petroli.

Kuna pia kabureta. Hewa ikipungua huku petroli ikimiminwa kwa kipimo cha pwani, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi, na nguvu kidogo iliyobaki inapotea. Lazima petroli ipunguzwe kadiri ndege inavyopanda, na irudishwe kadiri inavyoshuka. Asubuhi za ukungu zina hatari yake pia: hewa yenye unyevu inaweza kugandisha barafu kooni mwa kabureta hata kama nje hakuna dalili ya barafu.

Uzito

Tiger Moth tupu ina takriban kilo 500, na kikomo chake cha kuruka ni karibu kilo 830. Watu wawili, tangi lililojaa na oili huchukua kilo 230 hivi. Zinabaki karibu 100, na kishawishi ni kuzijaza mabegi, vifaa na zawadi. Kwa nyanda hizi, kilo hizo ni akiba ya kupandia. Mizigo ipande gari kwenye barabara ya Tanzam. Rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma, kama ilivyoundwa, na kiti cha mbele kinabaki wazi kwa tangi la ziada ikihitajika.

Kimo na njia

Kutoka Nduli, uwanja wa Iringa ulio mita 1,426, hadi Songwe kwa kupitia Rujewa ni kilomita 315 hivi. Ukitazama ramani, mabonde ya Usangu yaliyo karibu mita 1,100 yanakaribisha, na rubani anashawishika kuruka chini. Mtego uko mwisho wa njia: lango la Uyole, lililobanwa kati ya milima ya Uporoto na safu ya Mbeya, ambayo kimojawapo cha vilele vyake, Loleza, kina mita 2,656. Anayefika hapo akiwa chini hana pa kupandia wala pa kugeuzia.

Kwa hiyo kimo hununuliwa Iringa. Kupanda kutoka Nduli hadi mita 2,500 huchukua takriban dakika 10, juu ya nchi iliyo wazi, asubuhi hewa ikiwa nzito. Ukikishika kimo hicho, usikiuze hadi Songwe ionekane.

Jambo la pili ni upepo. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, huvuka milima ya Kipengere na Uporoto, kisha huporomoka upande wa Usangu na kuikandamiza ndege. Reli ya TAZARA, alama nzuri ya njia kutoka Makambako kuelekea Chimala na Igurusi, inapita chini ya miteremko hiyohiyo. Ifuate kwa macho, lakini ukae kaskazini yake, mbali na milima. Ukiingia lango la Uyole, sogea kulia: miteremko ya safu ya Mbeya inaupokea upepo huo na kuusukuma juu, na mkondo unaopanda ni zawadi kwa injini ndogo.

Mafuta

Tangi lililo katikati ya bawa la juu hubeba lita 86, na injini hunywa lita 30 hivi kwa saa, yaani chini kidogo ya saa tatu. Kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa, Dodoma hadi Mbeya moja kwa moja, kilomita 395, inawezekana kwenye karatasi tu. Upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa unaigeuza kuwa safari ya zaidi ya saa tatu na dakika 20, na petroli imeshakwisha njiani. Iringa inaikata safari hiyo. Hata hivyo, kutoka Nduli hadi Songwe, upepo wa mbele ukizidi kilomita 10 kwa saa, akiba inashuka chini ya nusu saa. Jibu ni kuongeza tangi au kubaki Iringa.

Shirika la ndege la Imperial Airways lilikutana na hesabu hiyohiyo. Njia yake ya Cape, iliyofunguliwa Januari 1932, ilishuka Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika. Hakuna kipande kati ya Moshi na Mpika kinachozidi kilomita 400. Kwa hewa nyepesi shirika liliamua kuongeza nguvu: Armstrong Whitworth Atalanta, ya injini nne, iliagizwa kwa sharti kwamba injini moja ikizimika ziwepo nguvu za kubaki kwenye futi 9,000, takriban mita 2,740. Kimo hicho kinaivuka Loleza. Shirika lenye fedha liliongeza injini. Kijana mwenye ndege ya 1931 hana chaguo hilo, hivyo anapunguza mzigo na kuchagua saa.

Hukumu

Ndege ya zamani ya kijeshi inaweza kuvuka Nyanda za Juu Kusini kwa usalama, kwa masharti: alfajiri, ikiwa nyepesi, juu tangu Iringa, na petroli ya kurudia. Sharti moja likivunjika, safari iahirishwe. Wapo watakaosema huko ni kuua raha ya kuruka. Van Ryneveld na Brand walipoteza Vimy mbili katika safari moja, nao walikuwa marubani wazoefu wa vita.

Kwa kijana wa Mbeya au Iringa anayeota kukaa kwenye chumba wazi cha Tiger Moth, mlango wa karibu ni karakana. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na ndege hizi za kitambaa na mbao huishi au kufa kwa mkono wa fundi. Kabla hujaomba nafasi huko, chukua kipimajoto, andika joto la asubuhi na la mchana pale ulipo kwa wiki moja, kisha kokotoa kimo ambacho ndege ingekihisi. Ukiipata hesabu hiyo bila kusaidiwa, umeanza urubani.